Shule ibane muhula, ituachie likizo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu safari za familia na ruhusa za shule. Mei na Novemba zikifika, meza za walimu wakuu kuanzia Tunduma hadi Iringa hujaa barua za aina moja. Mzazi anaomba mtoto aondoke wiki moja kabla ya shule kufungwa. Sababu iliyoandikwa ni msiba au bibi mgonjwa. Sababu yenyewe ni nauli. Mwalimu anajua, mzazi anajua kuwa mwalimu anajua, na mtoto aliyefundishwa kusema bibi anaumwa anapata somo ambalo halimo kwenye mtaala.

Nianze kwa kumtetea mwalimu. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Siku tano za wiki moja si nyingi ukizitazama hivyo, lakini wiki inayoombwa ndiyo wiki ya mitihani ya muhula, au ile ya kurudishiwa karatasi na kuonyeshwa makosa. Sekondari mambo ni mazito zaidi, kwa sababu alama za mitihani ya ndani huingia kwenye upimaji endelevu unaopelekwa Baraza la Mitihani. Aliyekosa mtihani huacha pengo, na pengo hilo halizibwi kwa kumtungia mtihani wa peke yake siku ya kufungua. Tena akiruhusiwa mmoja leo, kesho watakuja ishirini.

Kwa hiyo siombi ruhusa zilegezwe. Ninachosema ni kwamba mzazi anayetoroka na mtoto wiki moja kabla amekosea hesabu, kwa sababu siku za bei nafuu zimo ndani ya likizo yenyewe. Tatizo ni kwamba shule nyingi zinazila siku hizo.

Tuiangalie nauli. Kwa viwango vya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, vilivyoanza Desemba 2023, kikomo kwa basi la daraja la kawaida kwenye lami ni shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita, na daraja la kati ni 67.84. Mbeya hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 830. Daraja la kawaida linakuja kama 40,200 kwa kichwa, la kati kama 56,300. Baba, mama na watoto watatu wanaokaa viti vyao, kwenda na kurudi, ni karibu 402,000 kwa daraja la kawaida na 563,000 kwa daraja la kati. Tofauti ni 160,000 hivi, na hapo ndipo bajeti za wengi hupasukia.

Hicho ni kikomo, si bei ya kila siku. Abiria wakiwa wachache mabasi hushindana na kuuza chini ya kikomo. Msimu ukifika punguzo linatoweka, na mzazi anasema nauli imepanda, ingawa bado imo ndani ya sheria. Halafu viti vya daraja la kawaida huisha kwanza, familia inasukumiwa daraja la kati, na hilo nalo ni halali. Kisicho halali ni kile cha tatu: tiketi imeandikwa kiasi kimoja na wewe umetoa kingine, ziada imebaki kwa mpiga debe aliyekushika mkono getini. Dawa yake ni kukata tiketi ofisini au kwenye mfumo wa kampuni ya basi, na kusoma jina, namba ya basi, tarehe na kiasi kabla hujaondoka dirishani. Uliza pia mpangilio wa viti. Basi lenye viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili linawaweka watu watano safu moja, na mama hahangaiki kubembeleza abiria wabadilishane siti saa kumi na moja alfajiri.

Sasa upande wa kuelekea. Kuanzia katikati ya Desemba hadi mkesha wa Krismasi watu wanapanda kutoka Dar es Salaam kuja Iringa, Njombe na Mbeya. Basi lililokuja limefurika linarudi pwani na viti vitupu. Baada ya mwaka mpya mambo yanageuka. Familia ya Mbeya inayokwenda Dar es Salaam tarehe 18 Desemba na kurudi tarehe 2 Januari inapishana na umati mara zote mbili. Anayetaka kuleta watoto wa ndugu kutoka Dar es Salaam awapandishe mapema Desemba, kabla wafanyakazi hawajapewa likizo zao.

Msukosuko mwingine ni wa wanafunzi wa bweni, na huo hudumu siku mbili tu. Shule ikifungwa Ijumaa, stendi inajaa masanduku Jumamosi na Jumapili. Ukisafiri Jumanne au Jumatano unakuta hali nyingine kabisa. Wakati wa kurudi, wahi siku tano kabla ya shule kufunguliwa, la sivyo utagombea buti na magodoro. Mabasi ya usiku yaliyoruhusiwa tena 2023 yanaokoa hela ya gesti, lakini Makambako na Mafinga mwezi Juni si mahali pa mtoto mwenye fulana. Soksi, sweta na blanketi vikae mkobani, visiende kwenye buti.

Treni ya Tazara ingekuwa jibu zuri kwa familia yenye mizigo, ila huduma yake ya abiria imekuwa ikisimama na kurudi. Usipange safari juu yake kabla hujathibitisha stesheni.

Lipo jambo ambalo wanaozungumzia likizo kutoka mjini hawalitazami. Kwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini, Desemba ndiyo mbaya kuliko zote. Fedha imekwenda kwenye mbegu na mbolea, mahindi ndiyo kwanza yanachipua, na Januari inakuja na sare, madaftari na ada kwa wenye watoto shule za binafsi. Juni ni tofauti. Mpunga wa Mbarali na Kyela umevunwa, kahawa ya Mbozi inaanza kuchumwa, barabara za vumbi zimekauka. Bei ya mahindi huwa chini wakati wa mavuno, kwa hiyo sisemi mtu auze gunia lote aende kutembea, lakini ukilinganisha mifuko ya Juni na ya Desemba, wa Juni una kitu. Na vikoba vinavyovunjwa Desemba vingeweza kuweka mgao mdogo Mei. Shilingi 10,000 kwa wiki, kuanzia katikati ya Januari hadi mwisho wa Mei, ni kama 190,000, nayo inatosha kuanzia safari ya karibu.

Ya karibu ni ipi? Chukua Matema, Ziwa Nyasa. Kosta za Tukuyu na Kyela hupakia stendi ya Nane Nane. Mbeya hadi Kyela ni kama kilomita 125, ambazo kwa kiwango kilekile cha kawaida ni kama 6,000 kwa mtu, yaani 60,000 na ushee kwa watano kwenda na kurudi. Kipande cha Kikusya, Ipinda hadi Matema, kilomita 39 hivi, sasa ni lami. Ondokeni asubuhi, kwa sababu magari ya kuingia Matema hupungua jioni na mwenye gari la mwisho ndiye anayepanga bei. Nyumba za wageni za makanisa zipo. Ulizeni kabla kama mnaruhusiwa kupika, kwani familia ya watu watano ikila hotelini mara tatu kwa siku, chakula kitaishinda nauli. Beba mchele, mafuta na chumvi, samaki utawakuta huko. Juni hadi Agosti mwera ukivuma mawimbi hupanda, hata siku ya jua kali, kwa hiyo watoto wasiingie majini bila mtu mzima, na wakae mbali kabisa na mdomo wa mto, maana kuna mamba.

Ukiweza, lenga Jumamosi, siku ya soko la vyungu pale Lyulilo. Akina mama wa Kikisi huvileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Chungu cha pale ni zawadi ya bibi inayopita mfuko wa sukari, ila kina namna ya kununuliwa. Kishike mdomo kwa vidole viwili, kining'inie, ukigonge ubavuni kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele ni kizima. Kikitoa mlio mfupi uliokufa kina ufa, hata kama huuoni. Omba kifungwe na majani makavu, ndani na nje, kisha kipakate au kiweke kati ya miguu. Ukikipandisha kwenye keria, Tukuyu hakifiki.

Wenyeji wa Iringa wana safari ya siku moja tu, isiyohitaji hata kulala nje. Isimila, penye zana za mawe za kale na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, iko kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya. Kalenga, lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa 1954, ni kama 15 kwa upande wa pili. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ni hesabu nyingine. Kiingilio cha Mtanzania si kikubwa, mtoto chini ya miaka mitano halipiwi, na wa kati ya 5 na 15 hulipa pungufu. Gharama yote iko kwenye gari. Gari la viti saba likibeba watu wanne, hao wanne wamelipia viti vitatu vya hewa. Jazeni viti na jirani, mgawane mafuta, na mwende Juni, wanyama wanapofuata maji mtoni. Desemba nyasi ni ndefu, watoto wataona migongo tu.

Haya yote yanawezekana bila kuiba hata siku moja ya muhula. Lakini sasa nigeuke upande wa shule.

Ukiacha kidato cha sita, madarasa ya mitihani ni manne: la nne, la saba, kidato cha pili na cha nne. Shule nyingi huyazuia Juni kwa kambi au masomo ya ziada, pamoja na mchango wa chakula na wa mwalimu. Wizara imewahi kukataza kufundisha wakati wa likizo, na kambi zinaendelea kwa jina jingine. Fikiria familia ambayo watoto wake wamepishana miaka mitatu. Mwaka mmoja tu, mmoja yuko la nne na mwingine la saba. Juni hiyo familia haina likizo, ina ratiba ya kambi mbili. Aliye la saba anamaliza mtihani wake Septemba na kukaa nyumbani hadi Januari, muda ambao mabasi ni matupu, lakini nduguze wote wamo darasani. Mtoto mmoja ana miezi mitatu ya bure, na wote kwa pamoja hawapati hata wiki ya Juni.

Ndiyo maana barua za bibi mgonjwa haziishi. Shule inayomwambia mzazi kwamba siku 194 haziguswi haina haki ya kuzigusa zilizobaki.

Wapo wanaopendekeza faini. Uingereza wanayo. Tangu Agosti 2024, mzazi anayemtoa mtoto siku tano bila idhini hutozwa pauni 80 kwa kila mtoto akilipa ndani ya siku 21, na 160 akichelewa hadi siku 28. Wapo wanaolipa na kwenda zao, kwa kuwa tofauti ya bei ya ndege kati ya muhula na likizo inaizidi faini. Kwetu faini itafanya hivyohivyo kwa wenye nacho, na wasio nacho wataendelea kuua bibi kwenye karatasi.

Ninaloliomba shuleni ni dogo na halina gharama. Kalenda ya mihula hutolewa na Wizara kabla mwaka haujaanza, kwa hiyo Januari, kwenye karatasi ileile ya mahitaji, mkuu wa shule anaweza kuandika mambo manne: siku ya mtihani wa mwisho wa kila muhula, siku na saa ya kufunga, siku ripoti zitakapotolewa, na kama kuna kambi, tarehe zake na kwamba ni hiari. Taarifa ya kufunga inayoletwa na mtoto Jumatano kwa ajili ya Ijumaa inamnyima mzazi wiki tatu za kutafuta kiti cha daraja la kawaida. Na siku zile za mwisho ambazo watoto wanafagia uwanja na kucheza hadi saa sita zijazwe masahihisho ya mitihani, ili mzazi asiseme wamebaki bure. Shule za bweni zikodi mabasi kwa njia kubwa, Mbeya hadi Songea na Mbeya hadi Dar es Salaam, hesabu ziwekwe wazi kwa wazazi, na wanafunzi waondokee shuleni bila kupitia stendi.

Kwa wazazi wenzangu, kama kambi ya Juni ni ya wiki mbili na likizo ni karibu wiki nne, ombeni kwa maandishi ianze siku ileile shule inapofungwa, isikae katikati. Ikianza mara moja, zinabaki wiki mbili zilizoungana. Ikikaa katikati mnabaki na vipande viwili, na kila kipande kitameza nauli yake.

Mzazi,
Uyole, Mbeya