Barua kwa mwanangu: hadidisiki itoe kwenye begi kubwa

Mwanangu,

Shikamoo yako ya kwenye voisi nimeipata, marahaba. Nakuandikia maana kwenye simu unaniitikia tu "sawa mama, sawa mama" na najua hakuna ulichoshika. Ile picha ya begi uliyonitumia jana nimeikuza, nimeiona hadidisiki inachungulia pembeni ya viatu. Itoe. Lile begi litarushwa Dar, Dubai, Guangzhou, halafu tena ndege ya Wuhan, na wewe umekaa juu huko hujui nani kalishika. Hadidisiki na laptopu vikae begi la mgongoni, miguuni pako. Wakikwambia mlangoni mwa ndege kabati za juu zimejaa, begi lako nalo liende chini, vitoe kwanza ndo uwape begi, na pawabenki pia, foleni isimame tu, aibu zako ndo zinakuponzaga.

Hiyo pawabenki nayo. Emirates tangu Oktoba 1, 2025 wanataka moja tu, isifike wati-saa 100, na ndani ya ndege huchajii nayo wala huiweki kabati la juu. Yako ya mAh elfu 20 ni kama wati-saa 74, inapita, ila maandishi ya mgongoni si yalishafutika? Watajuaje ni ngapi? Na ndege za ndani ya China tangu Juni 2025 lazima iwe na alama ya 3C, ile ya usalama ya China. Kama haina muachie mdogo wako, utanunua huko huko.

Ya kamera iliyopotea kwenye begi kubwa la Muscat unayajua, picha za mwisho za bibi yako zilikuwa humo tu, hatukuwa na kopi. Baba yako mpaka leo anauliza nani alipanga lile begi. Haya, lilipangwa.

Kwa hiyo kopi vitu vyote kwenye flashi, mpe mdogo wako aje nayo Tanga, nitaiweka kwenye kopo la sindano. Laptopu weka paswedi, siyo mwaka wako wa kuzaliwa. Eksirei ya uwanjani haifuti kitu, usimsikilize binamu yako.

Kwenye kikoba nimeshawatangazia unaenda kusoma masta, mwenyekiti kanyamaza kimya, wake bado anarudia mitihani.

Kuku mweupe kaangua 7. Umeme umebaki yuniti 4, ninunulie luku kabla hujaondoka. Na ukishapanga begi upya nitumie picha, zipu iwe wazi.

Mama