Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Januari hadi Desemba 2023

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha taarifa ya chama chetu cha kusaidiana hapa Uyole, Mbeya. Shughuli za kawaida mnazifahamu na sitazirefusha: tumezika mara saba, tumewatembelea wagonjwa, turubai limeshonwa upya, na viti vilivyopotea baada ya msiba wa Mei vimerudi isipokuwa vinne.

Kuhusu fedha, kwa wanachama 64 na ada ya shilingi 5,000 kwa mwezi tulitarajia shilingi 3,840,000, zikaingia 2,215,000. Tulianza mwaka na salio la 412,000. Rambirambi zilichukua 1,050,000, bima za kaya zisizo za wanachama 540,000, turubai na matumizi mengineyo 245,000, na salio la sasa ni 792,000. Risiti zote zipo kwa mweka hazina, nami nimezipitia moja moja.

Sasa nije kwenye hizo 540,000 zilizoleta maneno. Mwezi Oktoba Kamati Tendaji ilizitoa kuzikatia kaya 18 kadi za CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, kila kaya shilingi 30,000 kwa watu wasiozidi sita kwa mwaka mzima. Nimeambiwa ana kwa ana, na zaidi nimesemwa pembeni, kwamba maskini ni wajibu wa serikali, kwamba kodi tunaikatwa hata kwenye muamala wa simu, na kwamba chama kinachobeba kazi ya serikali kinaizoesha serikali kukaa bure. Hoja hiyo ninaiheshimu, na sehemu kubwa yake ninaikubali.

Lakini wapo mnaomfahamu yule bibi wa bondeni anayelea wajukuu wanne. Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, yeye mwenyewe hatozwi matibabu kwa kuwa amepita miaka 60 na hana uwezo, na kwa msamaha wa watoto wadogo, mjukuu wake wa mwisho, wa miaka mitatu, hatozwi kwa kuwa hajafika mitano. Aliyeugua Septemba ni wa miaka tisa, ambaye hayumo kwenye msamaha wowote wa umri. Nilimkuta bibi amefungua fundo la khanga, anahesabu sarafu juu ya ndoo iliyofudikizwa: 2,350, na dawa zilizoandikwa zilikuwa zaidi ya hapo. Mtoto alikuwa amelala kwenye gunia la viazi, mbavu zinapanda na kushuka.

Mtaniuliza kwa nini hayumo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, tangu mwaka 2012. Majina ya mpango huo huanzia kwenye mkutano wa wananchi wenyewe, kisha kaya huhojiwa, na walioingia hupokea ruzuku kila baada ya miezi miwili. Siku ya mkutano huo bibi alikuwa Tukuyu akimuuguza dada yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyenyanyua mkono kumtaja. Hilo silitupi kwa serikali, kwa maana mimi pia nilikuwepo.

Hivyo msimamo wangu ni huu, na uingie kwenye muhtasari. Mwenye wajibu ni serikali, kwa sababu hisani haina kifua cha kuubeba umaskini: kaya 18 tu zimekula karibu robo ya ada zetu za mwaka. Nilipokuwa nafundisha historia nilizoea kuwaeleza wanafunzi kwamba Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1601, iliziagiza parokia kutoza kodi ya lazima kwa ajili ya maskini, maana sadaka za hiari zilikuwa hazitoshi. Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini zipo hospitali zilizojengwa na misheni ambazo leo ni hospitali teule za wilaya, kanisa likiwa na majengo na serikali ikilipa mishahara. Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, yenye mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, na siku utekelezaji utakapofika bondeni nitafurahi kuuona uamuzi wetu hauhitajiki tena. Mpaka hapo, mtoto wa miaka tisa angengojea wapi?

Kuhusu utaratibu, inasemwa kwamba Kamati haikuwa na mamlaka. Mkutano wa kulijadili jambo hili uliitishwa Oktoba kwa matangazo matatu. Walihudhuria 19, wakati akidi ni 32, na siku hiyo mvua haikunyesha. Nilingoja mpaka saa tisa alasiri, ndipo Kamati ikatumia kifungu cha dharura. Anayesema bima si dharura angekuja kulisema siku ile.

Tena wanachama waliokamilisha ada ni 23 tu. Kati ya waliopinga kwa ukali zaidi kwenye kundi la WhatsApp, wawili hawajalipa tangu Machi. Majina sitayataja, mweka hazina anayo. Sipendi kujitaja, ila nauli ya kwenda ofisi ya kata mara nne kufuatilia majina ya kaya hizo ilitoka mfukoni mwangu na haimo kwenye hesabu mliyosomewa.

Kwa mwaka 2024 tunatazamia, Mungu akijalia, kuanzisha mradi wa viazi au wa kuku kadiri mfuko utakavyoruhusu, kuangalia namna ya kukusanya madeni, na kuhudhuria kwa wingi mkutano wa mtaa wa kuhuisha orodha ya TASAF utakapoitishwa. Jina la bibi nimeshaliandika kwenye daftari langu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti