Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wastaafu wa Reli Tulivyoiona China

Ndugu Mlezi wa chama, ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama wenzangu, pamoja na kina mama na vijana mliowasindikiza wazee wenu: shikamooni kwa mlionizidi umri, na wengine wote habari za asubuhi.

Katiba yetu inamtaka Mwenyekiti aeleze shughuli za mwaka mzima, na mengi ya mwaka huu mnayajua. Ada zimelipwa kwa kusuasua. Mfuko wa rambirambi umetumika kuliko tulivyopanga, maana wenzetu wametutangulia wengi, Mungu awapumzishe mahali pema. Suala la bima ya afya bado linafuatiliwa, na Katibu atalieleza akifika kwenye yatokanayo. Hayo yote yamo kwenye makabrasha mliyogawiwa mlangoni, sina haja ya kuyasoma neno kwa neno. Muda wangu mwingi nitautumia kwenye safari ya China, kwa kuwa ndiyo iliyoleta maneno mengi kwenye kundi letu la WhatsApp, na kwa kuwa waliobaki wana haki ya kujua waliokwenda waliona nini.

La fedha nilitangulize, lisije likatuharibia mazungumzo. Safari haikugharamiwa na mfuko wa chama. Kila aliyekwenda alichanga mwenyewe, kidogo kidogo kila mwezi, na wengine walichangiwa na watoto wao. Chama kililipia nauli ya Katibu kwenda Dar es Salaam kushughulikia viza, na kitambaa cha fulana zile za kijani ambazo baadhi yenu mmezivaa leo.

Sasa kwa nini China na si Dubai, kama wajumbe wengine walivyopendekeza? Wengi hapa tuliingia kazini TAZARA, reli yetu ya Tanzania na Zambia, ikiwa bado changa. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, zilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na reli ikakabidhiwa rasmi 1976. Waliotushika mkono karakana, kwenye njia na kwenye mitambo ya ishara walikuwa Wachina. Halafu Septemba 2024, pale Beijing, Rais wetu na Rais wa Zambia walishuhudia, pamoja na Rais wa China, utiaji saini wa hati ya makubaliano ya kuifufua reli ile. Tangu siku hiyo kila tukikutana swali lilikuwa moja: hawa wanaotaka kuja kutufufulia reli, kwao wenyewe wanaiendeshaje? Tukasema twendeni tukaone.

Tuliingilia Guangzhou. Ni mji wa wafanyabiashara, na kwa Mtanzania si mgeni sana, maana mtaa wa Xiaobei utasikia Kiswahili cha Kariakoo na cha Lubumbashi kwenye kona moja. Vijana wetu wapo pale wanafunga mizigo, wanapima kwa CBM, yaani mita za ujazo, wanapiga mihuri, na usiku wanakula ugali. Ndugu zetu Waislamu walikwenda kuswali Msikiti wa Huaisheng, ambao ni miongoni mwa misikiti ya kale kabisa nchini humo. Mnara wake mweupe ni wa mviringo, hauna nakshi, na inasemekana zamani ulisaidia kuongoza jahazi kwenye mto. Mimi nilibaki uani nikauangalia, nikakumbuka kwamba bandari zetu za Kilwa na Malindi zilifanya biashara na watu wa pande hizi kabla reli haijatajwa. Vipande vya vyombo vya kauri vya Kichina mpaka leo vinaokotwa kwenye magofu ya Kilwa.

Guangzhou pia ndiko tulikopata taabu ya kwanza. Wakala aliyetupangia safari alituweka pale katikati ya Aprili, wakati maonyesho makubwa ya biashara ya mji huo yanafunguliwa. Maonyesho hayo yamekuwepo tangu 1957 na hufanyika kila masika na kila vuli; hakuna mwenye hoteli asiyeyajua. Bei za vyumba zilikuwa zimepanda, na chumba tulichoahidiwa cha watu wawili kikageuka cha watatu. Wakala tuliyemlalamikia alisema ni hali ya soko. Kamati imekwisha mwandikia, na majibu yake yakija mtasomewa.

Basi tukaenda stesheni. Niseme ukweli, ile si stesheni kama tunavyoijua sisi. Ni uwanja wa ndege usio na ndege. Unakaguliwa mzigo, unaonyesha pasipoti, wenyeji wanapita kwa vitambulisho kwenye milango ya mashine, sisi wageni tunapitia kwenye dirisha lenye mtu. Tiketi ya karatasi hakuna. Pasipoti yako ndiyo tiketi. Na mlango wa kushukia jukwaani unafungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka. Mzee wetu mmoja, dereva wa zamani, alitaka kwenda mbele akakiangalie kichwa cha treni na kumsalimu dereva mwenzake. Binti wa zamu alimrudisha kwa adabu zote, lakini alimrudisha.

Kutoka Guangzhou hadi Wuhan ni zaidi kidogo ya kilomita 960. Dar hadi Mbeya kwa njia yetu ni karibu kilomita 850. Sisi tulitumia takribani saa nne. Kuna kibao juu ya mlango wa behewa kinachoonyesha mwendo, na kilipofika 300 behewa zima la wastaafu lilinyamaza kukitazama. Lakini mimi nilifanya kazi idara ya njia, kwa hiyo sikuwa naangalia kibao, nilikuwa nasikiliza. Hakuna ule mdundo wa magurudumu yakipita kwenye maungio. Reli zimechomelewa moja kwa moja, na sehemu kubwa hazilali kwenye mataruma na kokoto bali kwenye mabamba ya zege. Mtu aliyezoea kusinzia kwa mdundo ule hapati usingizi mle ndani. Niliowauliza wote walikiri hivyo.

Jambo jingine dogo lililotufurahisha: treni ikifika mwisho wa safari hawageuzi treni, wanageuza viti. Wahudumu wanapita safu kwa safu, wanakanyaga kitu cha chini, viti vinazunguka, na abiria wapya wanakaa wakitazama mbele. Na kila behewa lina bomba la maji ya moto bure. Wachina wazima wanasafiri na chupa zao za chai ya majani, wanaongeza maji tu njia nzima. Mama mmoja wa kwetu alikuwa amebeba majani yake ya chai ya Mufindi, akanywesha majirani zake hadi Wuhan.

Wuhan tulikwenda kwa sababu ya daraja. Daraja la kwanza la mto Yangtze pale lilifunguliwa Oktoba 1957, magari juu na treni chini. Kabla ya hapo mabehewa yalikuwa yanavushwa kwa pantoni. Watu wanaruhusiwa kutembea juu yake kwa miguu. Tulisimama katikati, upepo mkali, meli za mizigo zinapita chini, halafu treni ikapita chini ya miguu yetu na daraja likatetemeka kidogo. Hapo ndipo wale waliofanya kazi kipande cha reli yetu cha Mlimba hadi Makambako walipoanza kubishana kuhusu daraja la Mpanga na mahandaki ya kule, wakabishana mpaka mwongozaji wetu akaomba tuondoke. Chakula cha Wuhan, zile tambi za asubuhi zenye ufuta, kiligawa kundi. Sitaingia kwenye ugomvi ule.

Xi'an nitapita haraka, ingawa ndiko kila mtu alikopiga picha nyingi. Askari wa udongo wa mfalme Qin Shi Huang, waliogunduliwa na wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974, ni kitu cha kwenda kukiona mwenyewe, picha hazitoshi. Ukuta wa mji una mzunguko wa karibu kilomita 14 na unaweza kukodi baiskeli ukauzunguka. Wawili tu walithubutu. Msikiti Mkuu wa Xi'an umejengwa Kichina kabisa, paa za vigae na bustani ndani ya bustani, na mnara wake ukiuona utadhani ni banda la kupumzikia. Mtaa wa Waislamu ulio jirani ndio uliowashika watu wetu. Unapewa mkate mgumu na bakuli tupu, unaumega mwenyewe vipande vidogo vidogo, kisha bakuli linarudi jikoni kumwagiwa mchuzi wa kondoo. Ukimega vipande vikubwa mpishi anakurudishia umege upya.

Niseme pia lisilopendeza. Pale Xi'an watu walitupiga picha bila kuomba, na mmoja aliwashika kina mama nywele. Hawakuwa na nia mbaya, lakini waliokuwa wanashikwa hawakufurahi, na mwongozaji alicheka badala ya kukemea. Wanaotaka kwenda mwakani walijue hilo.

Beijing ndiko tulikopata jibu la swali letu. Mzee wetu mmoja ni kati ya wale vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia waliopelekwa Beijing mwaka 1972 kusomea reli hadi 1975. Chuo kile sasa kinaitwa Beijing Jiaotong. Tulifika getini, mlinzi akasema lazima mtu ajiandikishe mapema kwa simu. Mzee akaanza kuongea naye Kichina chake cha miaka hiyo. Mlinzi hakutufungulia, ila alitoa kiti, na wanafunzi waliokuwa wanatoka walikusanyika wakawa wanamuuliza maswali. Mmoja anasomea matengenezo ya njia. Huyo ndiye aliyetueleza kinachofanyika usiku.

Kumbe zile treni za mwendo kasi hazitembei usiku kucha. Kila usiku njia inafungwa kwa saa kadhaa, mafundi wanaingia wanapima, wanakaza, wanabadilisha, na kila kifaa kilichoingia lazima kihesabiwe kikitoka. Asubuhi, kabla abiria wa kwanza hajapanda, inapitishwa treni isiyo na abiria kuhakikisha njia ni salama. Ndugu wanachama, mwisho wa mwaka 2024 walikuwa na takribani kilomita 48,000 za njia ya aina hiyo, na ya kwanza, Beijing hadi Tianjin, ilifunguliwa 2008 tu. Watu wakirudi kutoka China wanasimulia mwendo. Sisi wa njia tunajua mwendo unatokana na gangi, yaani kikosi cha mafundi wa njia, iliyolipwa, yenye vifaa, inayopewa muda wa kufanya kazi. Kwetu sasa hivi SGR inatoka Dar hadi Dodoma, na reli yetu ya kusini nayo iko mlangoni mwa ukarabati. Tukiitwa kutoa maoni, na nimekwisha omba tuitwe, hili ndilo nitakalolisema kwanza: bajeti ya matengenezo iandikwe kabla ya vichwa vya treni kununuliwa. Nisifiche pia kwamba mwanafunzi yule alikiri shirika lao la reli linabeba deni kubwa mno, na kuna mistari ya mikoani isiyo na abiria wa kutosha.

Ukuta Mkuu tuliupandia Badaling, wenye magoti mabaya kwa gari la kamba. Wasioweza kupanda walipelekwa stesheni ndogo ya zamani ya Qinglongqiao, na waliporudi tuliwaonea wivu. Pale ndipo mhandisi Zhan Tianyou alipoipitisha reli ya Beijing hadi Zhangjiakou, iliyojengwa 1905 hadi 1909 na Wachina wenyewe. Mlima ulikuwa mkali, akachora njia inayokwenda mbele kisha inarudi nyuma ikipanda, kichwa kimoja kinavuta na kingine kinasukuma. Sanamu yake imesimama pale. Na chini ya mlima huohuo, zaidi ya mita 100 ardhini, kuna stesheni ya mwendo kasi iliyofunguliwa Desemba 2019.

Kwa watakaokwenda: WhatsApp haifanyi kazi kwa intaneti ya hotelini, ila waliofungua huduma ya nje kwenye laini za nyumbani walipata mawasiliano. Malipo ni kwa simu kila mahali, hata muuza viazi. Fedha taslimu wanapokea lakini chenji ni tabu, kwa hiyo mjukuu akuwekee Alipay, programu ya kulipia kwa simu, kabla hujaondoka. Beba karatasi za chooni. Dawa za presha ziwe kwenye begi la mkononi, na cheti cha daktari.

Kamati inaomba mkutano huu upitishe mambo matatu. Kwanza, michango ya safari ijayo ianze mwezi ujao, na wakala achaguliwe kwa zabuni. Pili, maoni yetu kuhusu matengenezo ya njia yaandikwe rasmi na kupelekwa wizarani yakiwa na saini za wastaafu wa idara zote. Tatu, mwakani twende kwa pamoja Gongo la Mboto kufanya usafi kwenye makaburi ya Wachina waliofia kazi hapa nchini; basi dogo litatosha, na mafuta yake yatatoka kwenye mfuko wa shughuli za jamii.

Namkaribisha Mweka Hazina asome hesabu.