Malalamiko: TV mliyoniuzia kwa jina la Full HD haina kioo cha Full HD

Stesheneri, Mazimbu,
Morogoro.
4 Agosti 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: TV YA INCHI 32 ILIYOANDIKWA "FULL HD 1080p" KWENYE BOKSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025 nilinunua TV ya inchi 32 katika duka lenu la Kariakoo kwa shilingi 480,000. Risiti ya EFD ninayo na nakala yake nimeiambatanisha. Boksi limeandikwa "Full HD 1080p" pande mbili, kwa herufi kubwa. Kioo kilichomo ndani si Full HD. Kina pikseli (nukta zinazounda picha) 1,366 kwa 768, wakati Full HD ni 1,920 kwa 1,080. Ukizidisha, nimelipia nukta 2,073,600 nikapewa 1,049,088, nusu na kidogo tu juu yake. Kwa karibu mwezi mzima nimeeleza jambo hili kwa simu na kwa WhatsApp, na kila mara najibiwa kwamba tatizo ni waya, au kompyuta, au ni mimi sijui kutumia. Ndiyo maana sasa naandika.

Naomba mjue TV hii niliinunua kwa kazi gani, kwa sababu mtu aliyenijibu mara ya mwisho alisema "dada, picha si inaonekana?" Mimi nina stesheneri. Nachapa, natoa kopi, na zaidi ya yote nawajazia watu fomu za mtandaoni: maombi ya chuo, mkopo wa elimu ya juu, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, ajira. Mteja anasimama upande wa pili wa kaunta na anataka kuona ninachoandika. Zamani alikuwa anapinda shingo, au namgeuzia monita kisha naigeuza tena, kutwa nzima. Nikaamua kutundika TV ukutani ikimtazama yeye, nikaiunga na kompyuta kwa waya wa HDMI, ili ninachokiona mimi akione na yeye. Asome jina lake. Asome tarehe ya kuzaliwa. Asome namba ya kitambulisho cha taifa, yaani ya NIDA, ambayo ina tarakimu 20, moja baada ya nyingine, kabla sijabonyeza kutuma. Herufi moja ikipishana kati ya fomu na cheti, mtoto wa watu anahangaika miezi. Kwa hiyo TV hii haikuwa pambo la ofisi. Niliiweka iwe macho ya mteja.

Na hilo nililisema dukani. Nilimwambia muuzaji wenu wazi: hii naenda kuiunga na kompyuta, watu watasoma maandishi madogo wakiwa karibu, nataka Full HD ya kweli. Akaniwekea kidole kwenye boksi: "Soma mwenyewe dada, imeandikwa." Nikaomba niijaribu na laptop niliyokuwa nayo begani. Akasema kujaribu ni baada ya kulipa. Iliyokuwa imewashwa pale dukani ilikuwa inachezesha video ya maporomoko ya maji kutoka kwenye flashi, na maji hayana herufi. Nikalipa.

Siku ya kwanza nilipoiunga, picha ilikuja imekatwa pembeni. Ule upau wa chini wa Windows ulionekana nusu na saa haikuonekana kabisa. Kwa hilo siwalaumu. TV nyingi hukuza picha kidogo na kuficha kingo zake, ni tabia iliyobaki tangu enzi za TV za chogo, na nilipoingia kwenye menyu ya ukubwa wa picha nikabadilisha, kingo zote zikarudi. Nalitaja ili msije mkaniambia tena kwamba sijagusa menyu. Nimeigusa yote, hadi ukali wa picha nimeushusha na kuupandisha.

Herufi ndizo zilizokataa. Kompyuta inatoa 1,920 kwa 1,080, TV yenyewe inaikubali na kuandika "1080p" kwenye kona, lakini maandishi yana ukungu. Sogea karibu utaona: kijiti cha herufi "l" mahali pamoja ni cheusi na chembamba, herufi tatu mbele "l" ileile ni pana na ya kijivu, kisha mbele yake inakuwa nyeusi tena. Tarakimu 3, 6 na 8 zinafanana kama ndugu. Tarehe 8 Julai alikuja binti aliyemaliza kidato cha sita pamoja na baba yake. Nilikosea tarakimu moja kwenye namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, niliandika 3 badala ya 8. Kosa la kuandika ni langu, nalikubali, lakini TV iliwekwa pale kwa ajili ya kosa kama hilo. Binti alisoma kwenye TV mstari mzima kwa sauti, akasema "nane", akasema iko sawa. Nikaprinti rasimu. Mzee akaiweka kando ya cheti, akafuata kwa ukucha wa kidole gumba, akasimama pale pale. "Mama, hii ni tatu." Tulikuwa hatujatuma bado, nashukuru Mungu. Tangu siku ile TV yenu naizima inapofika hatua ya kuhakiki, namprintia mteja karatasi, na karatasi hiyo simtozi.

Jioni hiyohiyo niliwapigia. Jibu la kwanza likawa waya: "nunua HDMI nzuri." Nikanunua wa shilingi 15,000, hali ikawa ileile. Mkaniambia huo ni feki, nikanunua mwingine wa 35,000. Ileile. Baadaye nikaelewa kwa nini. HDMI ni ya dijitali tangu ilipotoka mwaka 2002, na waya mbovu wa dijitali haufanyi herufi ziwe na ukungu. Unakata picha, unaleta vinukta vya kumetameta, au kioo kinakuwa cheusi na kurudi. Ukungu wa herufi ulikuwa unatokea kwenye waya wa VGA wa zamani, ambao ni wa analogi. Fundi wa kampuni inayouza TV alipaswa kulijua hilo kabla ya kunitoa dukani kwangu mara mbili kwenda kununua waya.

Jibu la pili likawa kompyuta. Nikabeba kompyuta ileile na waya uleule hadi kwa mwanangu wa dada anayesoma chuo hapa Morogoro, tukaiunga kwenye monita yake ya 1,920 kwa 1,080. Maandishi yalikaa kama yamechapwa kwenye karatasi.

Jibu la tatu lilinikera zaidi: "TV si monita, TV ni ya kuangalia tamthilia." Ndugu Meneja, chukueni boksi lenu mlitazame. Kuna mchoro wa laptop iliyoungwa kwenye TV. Nyuma ya TV kuna tundu limeandikwa "PC IN". Mmeiuza kama kioo cha kompyuta, na mimi nimeitumia kama mlivyoichora.

Mwanangu huyo ndiye aliyetoa wazo la kupima. Alichora kwenye kompyuta mistari myembamba ya wima, mmoja mweusi mmoja mweupe, kila mmoja upana wa pikseli moja tu. Kwenye monita yake mistari ilionekana kila mmoja peke yake. Kwenye TV yenu kompyuta ikiwa kwenye 1,920 kwa 1,080, mistari ilipotea, ikabaki mikanda mipana ya kijivu, mmoja umefifia na mwingine umekolea, kama bati la mgongo lililoanikwa juani. Tuliposhusha kompyuta hadi 1,366 kwa 768, mistari ikarudi yote, safi, mmoja mmoja. Kioo kilitutajia idadi ya pikseli zake chenyewe. Pikseli 1,920 zikilazimishwa kuingia kwenye nafasi 1,366, kila kumi inabidi zibanwe ziwe saba hivi, na kijiti cha herufi kinachoangukia kati ya nafasi mbili kinagawanywa huku na huku. Ule ukungu ndio huo.

Sikuishia hapo, nilipima kwa rula. Kioo cha inchi 32 kina upana wa sentimita 70 na ushee. Kingekuwa Full HD, kila sentimita moja ingekuwa na pikseli 27. Niliweka rula ya plastiki juu ya kioo, kompyuta ikiwa imetulia kwenye ukurasa mweupe, nikapiga picha kwa simu kwa karibu mno, kisha nikaikuza na kuhesabu vijisanduku, kila kimoja kina rangi zake tatu, nyekundu, kijani na bluu. Nilihesabu mara nne. Ni 19. Picha hiyo nayo nimeiambatanisha, rula inaonekana. Na mkitaka ushahidi usiotoka mkononi mwangu, fungueni kijitabu chenu wenyewe, kwenye jedwali la mwisho lenye maandishi madogo kuliko yote: kimeandika kioo ni 1,366 x 768. Kijitabu kiko ndani ya boksi lililofungwa kwa gundi. Mnunuzi anakifikia akiwa ameshalipa na kufika nyumbani.

Nilipowatumia picha ya jedwali hilo, mlijibu kwa mstari mmoja: "TV inasapoti Full HD." Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu, naomba mnisome taratibu. Kupokea si kuonyesha. TV inapokea mawimbi ya 1080p, ndiyo, halafu inayapunguza yatoshe kwenye kioo chake kidogo. Mimi nina printa ya wino mweusi peke yake. Ukiitumia faili lenye picha ya rangi inalipokea bila shida na karatasi inatoka. Je, nibandike mlangoni "Tunaprinti picha za rangi"? Mteja akilipa, akapokea karatasi ya kijivu, nimwambie printa inasapoti rangi? Pale Mazimbu nisingemaliza wiki, na wangekuwa na haki.

Najua kwa nini jambo hili halijaletwa kwenu na watu wengi. Mtu aliyekaa kwenye kochi mita tatu kutoka kwenye inchi 32 hawezi kutofautisha vioo hivi viwili, pikseli ni ndogo mno kwa jicho lake. Anaangalia mpira na taarifa ya habari, anaridhika. Anayegundua ni yule anayeunga kompyuta na kusoma akiwa karibu: mwenye stesheneri, mwalimu wa tuisheni, kijana anayefanya hesabu za duka, mwanafunzi aliyeunga laptop yenye kioo kilichovunjika kwa sababu hana hela ya kioo kipya. Hao hawanunui TV mbili. Wanajibana wananunua moja, na wanaamini kilichoandikwa kwenye boksi kwa sababu hawana kingine cha kuamini.

Kwa sasa nimeiacha kompyuta kwenye 1,366 kwa 768, na kusema kweli hapo herufi zimetulia. Lakini ukurasa wa A4 kwa asilimia 100 una urefu wa pikseli 1,123. Kwenye 1,080 mteja angeona barua yake karibu yote kwa mkupuo mmoja. Kwenye 768, ukiondoa menyu za juu, anaona nusu, nashusha, anasahau alichosoma juu, napandisha. TV ya namna hiyo ipo, inaitwa HD, nanyi mnaiuza kwenye rafu hiyohiyo kwa 350,000. Kama ningetaka hiyo ningechukua hiyo.

Ninachoomba ni mnibadilishie kwa TV ya inchi 32 ambayo kioo chake ni 1,920 kwa 1,080 kweli, na tuijaribu na kompyuta yangu kabla sijaondoka nayo dukani. Kama hamna, mnirudishie 480,000 zangu, nami nitaileta TV ikiwa na boksi, rimoti na vishikizo vyake, haina mkwaruzo. Vilevile mnirudishie 50,000 za nyaya mbili mlizoniambia ninunue. Nauli ya kwenda na kurudi sidai. Na maboksi yaliyobaki stoo yabandikwe karatasi yenye idadi ya kweli ya pikseli za kioo, kwa nje, mahali mnunuzi anapoweza kuisoma kabla ya kutoa pesa. Hilo la mwisho msilione dogo, kwangu mimi lina uzito sawa na pesa yangu.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa anayomuuzia. Nisipopata jibu, nitapeleka barua hii pamoja na viambatanisho vyake Tume ya Ushindani. Ningependa tuyamalize sisi wenyewe, maana nilitaka kununua nyingine kama hii kwa ajili ya kaunta ya pili, na hela yake bado naiweka kidogo kidogo.

Mkimtuma fundi, dukani nipo Jumatatu hadi Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi. Rula nimeiacha hapohapo kando ya TV.

Wenu katika biashara,

(sahihi)
Mmiliki wa stesheneri, Mazimbu, Morogoro

Viambatanisho: nakala ya risiti ya EFD, picha mbili za boksi, picha ya jedwali la kijitabu, picha ya kioo na rula, risiti za nyaya mbili.