Ramani yenu haikuonyesha dizeli

Kwa Mhariri,

Jumamosi iliyopita mlichapisha makala kuhusu jeshi la Hitler, pamoja na ramani ya Ulaya iliyopakwa rangi nyeusi kutoka Ufaransa hadi milima ya Caucasus. Chini yake mkaandika kwamba Novemba 1942 ndipo jeshi hilo lilipofika kileleni. Makala yalisomwa kwa sauti kwa kinyozi wetu hapa Kariobangi Kusini, watu wakaitikia, mimi nikakunja uso hadi kinyozi akauliza kama wembe umenikata.

Shahada ya historia sina. Niliendesha lori miaka 31, na miaka 14 kati ya hiyo njia yangu ilikuwa Nairobi–Moyale. Ramani ile inaonyesha jeshi lilifika wapi. Lilifika likiwa na hali gani, haisemi.

Siku hizi basi linatoka Eastleigh jioni na kesho yake abiria wanakunywa chai Moyale. Zamani zetu lami iliishia Isiolo. Kilomita 500 hivi zilizobaki zilikuwa changarawe, mawe na vumbi, tena tukienda kwa msafara wenye polisi kwa sababu ya majambazi. Mawe ya Dida Galgalu yalikata tairi kama kisu. Nilibeba spea nne badala ya mbili, mapipa ya dizeli, maji, na chakula changu na cha tanboi. Kila pipa nililojibebea lilikula nafasi ya magunia ya mteja.

Safari moja mvua ilitukamata karibu na Turbi, tukakwama siku sita. Tulifika Moyale mzigo ukiwa salama, na tajiri akafurahi sana kwenye simu. Hakujua kwamba spea zote nne zilikuwa zimekwisha, tairi mbili za nyuma zimezibwa kwa vipande vya tairi kuukuu, na pesa za dizeli ya kurudi tumezila tukiwa tumekwama. Kwake yeye ile ilikuwa siku ya ushindi. Mimi nilijua lori lile lilikuwa zima kwa mara ya mwisho pale Laisamis.

Na Moyale yenyewe ni shahidi wangu. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Mwezi uliofuata majeshi yake yaliyokuwa Ethiopia yaliuteka mji huo, yakateremka hadi Buna, ndani ya Kenya. Upande wa Sudan yakachukua Kassala. Agosti yakaingia Somalia ya Waingereza, na tarehe 19 yakawa Berbera. Mchora ramani angeweka kilele hapo, Agosti 1940, na kwa macho tu hangekosea, maana hawakuwahi kushika ardhi kubwa kuliko hiyo upande huu wa Afrika. Walikuwa na askari zaidi ya 250,000, wengi wao Waafrika, wakati Waingereza hapa kwetu walikuwa wachache.

Lakini mfereji wa Suez ulikuwa mikononi mwa Waingereza. Tangu siku ile ya Juni, meli ya kuleta tairi na mafuta kutoka Italia haikuwa na pa kupita. Kila lori lililopasua tairi likielekea Berbera lilipasua tairi isiyokuwa na badala yake. Kwa hesabu yangu jeshi lile lilianza kushuka siku lilipotangaza vita, kabla halijateka hata kijiji kimoja. Katika ushindi wote wa Julai na Agosti lilikuwa linakula spea.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mapema 1941 Jenerali Cunningham wa Uingereza alitoka hapa Kenya na majeshi ya Afrika Kusini, Nigeria, Gold Coast (Ghana ya leo) na vijana wetu wa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Mogadishu ilianguka Februari, Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Duki wa Aosta, aliyetawala yote yale kwa niaba ya mfalme wake, alijisalimisha Amba Alagi mwezi Mei. Alifia hapa hapa Nairobi Machi 1942 akiwa mateka, akazikwa Nyeri. Kile kikanisa kidogo kando ya barabara ya Mai Mahiu kilijengwa na mateka wa Kiitaliano waliokuwa wakichonga barabara. Nilikuwa nikikipita gia ikiwa chini, nikiwaza: hawa walikuja kututawala, wamemaliza safari wakitengeneza njia ya malori.

Sasa turudi kwa Wajerumani wenu. Waliivamia Urusi tarehe 22 Juni 1941 wakiwa zaidi ya milioni tatu, na pamoja na sifa zote za vifaru vyao, mizigo mingi ilivutwa na farasi zaidi ya 600,000. Reli ya Urusi ilikuwa pana, milimita 1,524, na ya kwao 1,435, ambayo ndiyo ya SGR yetu. Anayejua shughuli ya Naivasha, ambako mizigo ya Uganda inashushwa kutoka SGR na kupandishwa tena kwenye reli ya zamani, ataelewa maana yake. Wao walilazimika kuzing'oa na kuzisogeza reli za Urusi huku wakipigana, au kuhamisha kila sanduku.

Mnadhimu mkuu wa jeshi lao la nchi kavu, Jenerali Franz Halder, aliweka shajara. Tarehe 3 Julai aliandika kwamba si kutia chumvi kusema wameshinda vita vile ndani ya wiki mbili. Tarehe 11 Agosti aliandika kwamba walikuwa wamekadiria divisheni (vikosi vya maelfu ya askari) 200 hivi za Warusi, na sasa wamekwisha kuhesabu 360. Mimi kilele nakiweka kati ya tarehe hizo mbili. Baada ya hapo waliteka Kiev, wakaikaribia Moscow, na mwaka uliofuata wakapandisha bendera juu ya mlima Elbrus. Lakini mwaka 1941 walishambulia kaskazini, katikati na kusini kwa pamoja. Mwaka 1942 waliweza kusini tu. Visima vya mafuta vya Maikop walivifikia Agosti 1942 wakavikuta vimeharibiwa. Rangi nyeusi kwenye ramani yenu iliendelea kusambaa zaidi ya mwaka mzima baada ya nguvu kuanza kupungua.

Pale kwa kinyozi mwalimu mmoja mstaafu alinipinga. "Mzee mwenzangu," akasema, "kwa kipimo chako jeshi lolote linaanza kushuka siku linapotoka kambini." Alinibana, nakiri. Nilinyolewa upande mzima sijapata jibu. Kisha nikakumbuka Ufaransa, 1940. Vita vile vilichukua wiki sita, njia fupi, reli ya kipimo kile kile. Walipoteza watu na vifaru, lakini kabla ya safari nyingine walikuwa wamejaza tena. Divisheni za vifaru ziliongezeka kutoka 10 hadi karibu 20, ingawa kila moja ilipewa vifaru vichache kuliko zamani (hilo mwalimu alinikumbusha, na ana haki). Hiyo ni safari ya Thika: unakwenda, unarudi, spea haijaguswa. Lori lililorudi hivyo halijashuka popote.

Mwalimu akanitupia methali, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sawa, lakini ukingo kila mtu anauona. Mimi naulizia mahali pale sakafuni ambapo mguu uliteleza mara ya kwanza.

Baba yangu alikuwa KAR, divisheni ya 11, Burma, 1944. Hakupenda kusimulia. Alichosema ni kwamba walipoteremka bonde la Kabaw, Wajapani wengi waliokutana nao walikuwa wamekwisha kufa kwa njaa na kuhara, bunduki zimelala kando yao. Wale walikuwa wamevuka mto Chindwin mwezi Machi kuishambulia Imphal, mji wa India, wakiwa na chakula cha wiki tatu, wakitegemea kula maghala ya Waingereza. Maghala hawakuyapata. Ng'ombe waliowaswaga ili wawe kitoweo wengi waliangamia mtoni na milimani. Baba hakuwahi kuona ramani ya vita vile, na aliponisimulia hakutaja mji hata mmoja uliotekwa. Alitaja mchele, chumvi na viatu.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni dogo. Mkichapisha tena ramani ya vita, msiishie kwenye rangi. Mchore barabara na reli, na mweke alama pale dizeli ilipoishia. Na mkitaka mtu wa kuwaonyesha Dida Galgalu iko wapi, kinyozi anajua nyumbani kwangu.

Dereva mstaafu,
Kariobangi Kusini, Nairobi