Barua kutoka Sheffield: nyuki wetu na baridi inayokuja

Sheffield, Uingereza, Oktoba

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mama, na kwa wenzako wote wa kikundi cha nyuki hapo Sikonge, Tabora. Swali lako nimelipenda: nyuki wa huku wanaishije miezi yote ile isiyo na ua hata moja? Nimechelewa kujibu kwa sababu klabu yetu ya wafugaji iko mbioni, na mbio zenyewe ndizo jibu.

Nyuki wa kwetu unawajua. Maua yakikauka, moto ukipita porini au siafu wakiuvamia mzinga, wanahama. Unakuta mzinga mtupu, na msimu ukirudi kundi jingine linaingia. Nyuki wa huku hawana pa kuhamia. Ikifika Novemba wanabaki na walichonacho ndani mpaka maua ya Machi, na kundi moja linahitaji akiba ya kilo 18 hadi 20 ili livuke salama. Sisi tulirina Agosti. Tangu hapo hatuchukui kitu, tunarudisha: sukari kilo 2 kwa lita 1 ya maji, tunawawekea jioni ili nyigu na nyuki wa mizinga ya jirani wasije kupora. Kazi hiyo tunaimaliza mapema mwezi huu, kwa sababu baridi ikikaza nyuki hawawezi tena kuikausha sukari hiyo na kuifunika kwa nta, nayo huchacha.

Jumamosi tulikuwa kwenye manzuki ya klabu, pale mizinga yetu ilipowekwa, tukipima uzito. Mzinga haufunguliwi. Unashika ukingo wa chini, unaunyanyua kidogo upande mmoja, kisha upande wa pili. Ulioshiba hauinuki, utadhani umepigiliwa misumari ardhini. Mzee anayetufundisha anatumia mkono tu na habahatishi. Sisi wengine tunashika mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi. Mbele ya mzinga mmoja nilimwona nyuki kibarua, yaani jike mfanyakazi, amemng'ang'ania nyuki dume kwenye shina la bawa, anamburuta mpaka ukingoni mwa ubao. Wakadondoka wote wawili nyasini, kisha kibarua akaruka akarudi ndani peke yake. Msimu huu madume wanatolewa wote, maana wanakula na hawana kazi tena.

Watu wengi hudhani baridi ndiyo inayoua nyuki huku. Nyuki walioshiba na wenye afya wanaimudu. Wanajikusanya kuwa donge moja, malkia katikati, wanatetemesha misuli ya kurukia bila kupiga mabawa, na katikati ya donge joto linabaki nyuzi 20 na zaidi hata nje kukiwa na barafu. Wakianza kulea majana, yaani watoto wa nyuki, linapanda hadi karibu nyuzi 35. Kibarua wa kiangazi anaishi kama wiki sita. Hawa wanaozaliwa sasa wataishi hadi Machi, kwa sababu miili yao imejaa mafuta. Kinachotutisha sisi ni utitiri wa varoa, ulioonekana Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1992. Unanyonya mafuta hayohayo na kuwaambukiza virusi vinavyokunja mabawa. Nyuki wa Afrika wanaumudu vizuri zaidi. Huku tunauwekea dawa ya timoli mara tu tukisharina, kungali na joto, na Desemba, majana yakiwa hayapo, klabu itapita mzinga kwa mzinga na dawa nyingine ya utitiri huo, asidi ya oksaliki.

Mengine ni ya kujikinga na wanyama. Huku nyegere hawaji mizingani, wasumbufu wetu ni panya na gogota. Mlangoni tunabana kipande cha bati chenye matundu ambayo nyuki anapita, panya hapiti. Gogota wa kijani, ardhi ikiganda akakosa sisimizi, hutoboa mbao za mzinga, kwa hiyo tunauzungushia wavu wa waya. Tunachungulia pia mavu wa Asia, walioingia nchini 2016.

Sasa nikuombe jambo, ukalisemee kwenye kikundi. Mnaporina msikombe. Najua mizinga ya magome inavyokatwa: masega yote chini, na majana humohumo. Kundi lililobakiziwa masega ya kutosha lina sababu ya kukaa, na mwakani hamtaanza upya kungoja bahati. Huku hakuna anayesubiri kundi la kubahatisha, ndiyo maana tunabeba ndoo za sukari kwenye matope. Nyinyi hamhitaji hata sukari, ni kuacha tu.

Kuanzia Novemba tutakutana usiku kwenye ukumbi wa kanisa. Tutayeyusha nta, tutatengeneza mishumaa na viunzi vipya vya kushikilia masega, na kila mara mtu anakuja kufundisha. Baada ya Krismasi yanaanza masomo ya wanaotaka kuanza kufuga, na nimeombwa nieleze ufugaji wa Tabora. Nitumie picha za mizinga iliyotundikwa juu ya miti na ya mtu akipanda kurina, maana hapa hakuna atakayeamini kwa maneno matupu.

Uniambie na bei ya nta mwaka huu, na kama ile mizinga yenu ya masanduku imeshapata nyuki. Mwambie mama asali aliyonipa bado ipo, naila kidogokidogo.

Wako daima,
rafiki yako wa Sheffield