Ibada ya kila siku sio kazi ya wachungaji peke yao

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo niseme na Wakristo wenzangu. Jamani wengi wetu Mungu tunamkumbuka Jumapili tu, Jumatatu asubuhi mtu hajafumbua macho vizuri mkono uko kwenye simu anasoma meseji, Biblia iko palepale pembeni haijafunguliwa tangu wiki iliyopita!

Danieli alikuwa kiongozi mkubwa serikalini, kazi kibao, na bado alipiga magoti mara 3 kwa siku, tena hata baada ya mfalme kutia saini amri ya kukataza watu kumwomba Mungu, aliingia chumbani kwake, madirisha wazi kuelekea Yerusalemu, akaomba kama kawaida yake (Danieli 6:10). Hapo ndo pananigusa sana, maana imani yake haikuanzia kwenye tundu la simba alikotupwa kwa kuomba huko, ilijengwa taratibu siku ambazo hakuna shida yoyote.

Sasa sisi tunataka mkesha mmoja utubebe mwaka mzima? Anayesema hana muda aanze na Zaburi ya 117, ina mistari 2 tu, halafu amwambie Mungu kinachomsumbua kwa maneno yake mwenyewe, hata akiwa kwenye foleni.